Sijui nataka uhasibu, masoko au fedha: nisajili kozi zipi muhula wa kwanza?

*"Shikamoo mshauri. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya biashara na usajili wa kozi unafungwa baada ya siku kumi. Natakiwa kuchagua kozi tano. Tatizo langu sijui nataka nini: kuna siku najiona kwenye masoko, kuna siku kwenye fedha, na baba amesema niende uhasibu moja kwa moja kwa sababu ndiko kwenye kazi. Hisabati ilinitesa sana sekondari, kwa hiyo nimepanga kuisogeza mpaka mwaka wa pili nikishazoea chuo. Rafiki yangu aliyenitangulia mwaka mmoja anasema muhula wa kwanza nichukue kozi nyepesi ili wastani wa alama uanzie juu. Napenda pia saikolojia, ila naogopa ni kupoteza nafasi. Ninachoogopa zaidi ni hiki: nikichagua vibaya sasa, si nitakuwa nimeharibu miaka yote iliyobaki?"*

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kupata nafasi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilishika penseli, kwa sababu ndani yake kuna maswali manne na wewe umeuliza moja. Nitajaribu kuyajibu yote, lakini nianze na hilo linalokunyima usingizi.

Muhula wa kwanza huchagui fani. Vyuo vingi havimtaki mwanafunzi wa biashara atangaze fani mpaka mwishoni mwa mwaka wa kwanza au ndani ya mwaka wa pili, na vimefanya hivyo kwa makusudi, kwa kuwa vinajua wengi wanaingia kama ulivyoingia wewe. Kutokujua bado unataka nini hakujaharibu kitu. Kinachoweza kukugharimu ni mpangilio: kozi ipi inatangulia na ipi inafuata. Na hapo, niseme wazi, mpango ulioniandikia una kasoro moja kubwa.

Ngoja nikueleze jinsi shahada ya biashara ilivyojengwa, maana jambo hili halielezwi vya kutosha siku za kuwakaribisha wanafunzi wapya. Ukifungua mfumo wa usajili unaona orodha ndefu, kozi zote zimekaa sambamba kana kwamba zina uzito sawa. Kumbe nyuma ya orodha ile kuna ngazi. Kozi nyingi za mwaka wa pili na wa tatu zina kozi tangulizi, yaani kozi ambayo lazima uwe umeifaulu ndipo mfumo ukuruhusu kusajili inayofuata. Uhasibu wa fedha hutangulia uhasibu wa gharama, na zote mbili hutangulia ukaguzi wa hesabu. Hisabati ya biashara hutangulia takwimu. Takwimu hutangulia utafiti wa masoko, usimamizi wa uzalishaji na uchambuzi wa data. Yenye masharti mengi kuliko zote ni kozi ya fedha za kampuni. Mara nyingi inadai uhasibu, takwimu na uchumi kwa pamoja, kisha yenyewe ndiyo inayofungua uwekezaji, benki na fedha za kimataifa. Majina yanatofautiana chuo kwa chuo, ila ngazi yenyewe haitofautiani sana.

Sasa chukua mpango wako wa kusogeza hisabati mpaka mwaka wa pili, tuupandishe kwenye ngazi hiyo. Tuseme shahada yako ni ya miaka mitatu, mihula sita. Hisabati utaisoma muhula wa 3. Takwimu, muhula wa 4. Fedha za kampuni, muhula wa 5. Uwekezaji, muhula wa 6, na hapo umemaliza chuo. Chochote kinachohitaji uwekezaji kama kozi tangulizi hutakigusa. Na hesabu hiyo nimeipiga kwa ukarimu, kwa kuchukulia kwamba kila kozi inafundishwa kila muhula. Kozi nyingi hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Ikiwa takwimu inatolewa muhula wa kwanza wa mwaka peke yake, utaingoja mpaka muhula wa 5, fedha za kampuni ziangukie muhula wa 6 kama zitakuwa zinatolewa muhula huo, na habari ya uwekezaji iishie hapo. Fani ya fedha, ambayo mwenyewe unasema kuna siku unajiona humo, itakuwa imefungwa bila wewe kuamua kuifunga.

Nimeona jambo hili likitokea. Binti mmoja alikuja kwangu akianza mwaka wa tatu, ana alama nzuri, ameipenda fedha kwa moyo wote baada ya kufanya kazi ya muda likizoni. Tulikaa na karatasi tukapanga kozi zake kwa penseli, tukafuta, tukapanga tena. Zilibaki kozi nne zinazofuatana na mihula miwili. Hakuna namna ya kuingiza nne kwenye mbili. Aliongeza mwaka mzima, na ada yake, kwa sababu ya kozi moja ya hisabati aliyoikwepa siku ya kwanza kwa sababu hiyo hiyo yako. Hakuna aliyekuwa amemwonyesha ngazi. Ndiyo maana nakuonyesha wewe leo, ukiwa bado na siku kumi.

Rafiki yako hakudanganyi kuhusu alama, ila hesabu yake hajaimaliza. Wastani wa alama hupimwa kwa uniti, yaani uzito wa kila kozi. Chukua shahada ya uniti 120 yenye mihula ya uniti 15, kama ilivyozoeleka Marekani, kwa kipimo cha 0 mpaka 4. Muhula mmoja ni sehemu moja ya nane ya shahada nzima. Tuseme kozi nyepesi zingekupa 3.4 na kozi ngumu zikakupa 2.8. Tofauti ni 0.6. Igawanye kwa nane: kwenye wastani wako wa mwisho inabaki 0.075. Uingereza, vyuo vingi havihesabu kabisa alama za mwaka wa kwanza kwenye daraja la shahada. Vinataka ufaulu uendelee mbele, basi. Kwa hiyo faida anayoizungumzia ipo, lakini ni ndogo kuliko inavyoonekana kwenye matokeo ya muhula wa kwanza yakiwa peke yake ukutani. Halafu kozi nyepesi hazikimbii. Mwaka wa mwisho, ukiwa unaandika utafiti wako na unatafuta kazi kwa wakati mmoja, utazihitaji kuliko sasa, na ukishazimaliza zote mapema utabaki na ngumu tupu wakati ule umechoka.

Kuna hali mbili ambazo ningekaa upande wa rafiki yako. Ya kwanza, kama unasoma kwa ufadhili unaodai usishuke chini ya wastani fulani kila muhula au kila mwaka. Soma barua ya ufadhili neno kwa neno kabla ya kusajili chochote. Ya pili, kama mchanganyiko wa kozi unaelekea kukufelisha. Kupata alama ya kawaida na kufeli si jambo moja. Alama ya kawaida inashusha wastani kidogo, mwisho wa habari. Kozi uliyofeli inakata ngazi, kwa sababu zote zilizo juu yake zinakusubiri uirudie.

Kuhusu baba, nina habari njema: muhula huu hamna ugomvi. Mwambie unaanza na uhasibu wa fedha, na utakuwa umesema kweli. Kozi hiyo inadaiwa na karibu kila fani ya biashara, iwe masoko, fedha au rasilimali watu. Kuisoma hakukufanyi mhasibu, kama vile kuijua alfabeti hakumfanyi mtu mwandishi, lakini hakuna atakayesoma taarifa za kampuni bila kupita pale.

Tena kozi hii itakuambia jambo kukuhusu wewe mwenyewe, na ndiyo sababu naipenda kwa mwanafunzi ambaye hajaamua. Wazo lake la msingi ni la zamani. Luca Pacioli, mtawa na mwanahisabati, alilichapisha Venice mwaka 1494, akieleza namna wafanyabiashara wa mji ule walivyokuwa wakiweka vitabu vyao. Kila muamala unagusa sehemu mbili. Ukinunua mashine ya 600 kwa fedha taslimu, mashine zimeongezeka kwa 600 na fedha taslimu zimepungua kwa 600. Ukiinunua kwa mkopo, mashine zimeongezeka kwa 600 na deni limeongezeka kwa 600. Kila kitu kinaandikwa upande wa debiti (kushoto) na upande wa krediti (kulia), na mwisho wa kipindi unatengeneza urari: pande zote mbili lazima zilingane.

Siku moja urari wako utakataa. Upande mmoja utazidi mwingine kwa 27, ni usiku, na kuna miamala arobaini ya kupitia. Mwalimu mzuri atakuwa amekufundisha kwamba tofauti ikigawanyika kwa 9, kabla ya kuanza upya tazama kama hukugeuza tarakimu, ukaandika 58 mahali pa 85. Utashuka na kidole kwenye leja, yaani daftari la hesabu, mstari kwa mstari, mpaka uikute. Hapo jitazame. Kuna mwanafunzi ambaye akiiona ile 58 anasikia raha inayomfanya asahau usingizi. Kuna mwingine anayetamani kulitupa daftari dirishani. Wote wawili wamepata jibu ambalo hakuna dodoso la kupima vipaji lingewapa, na wameupata ukweli huo mapema, kabla fani haijatangazwa. Kama wewe ni yule wa kwanza, huenda baba alikuona vizuri. Kama ni wa pili, utarudi kwake na sababu mkononi, na mazungumzo hayo ni rahisi zaidi kuliko ya leo, ambapo yeye ana hoja ya ajira na wewe una hisia tu.

Sasa hisabati, maana naamini hapa ndipo penye barua yako yote.

Hisabati ya biashara si ile uliyoiacha sekondari ikiendelea kukufuata. Kwa kawaida pembetatu na uthibitisho wa kanuni za jiometri hazimo, au zimeguswa kidogo sana. Zimo milinganyo, grafu, asilimia, riba, vipeo, na kalkulasi ya kiwango cha kwanza. Na kila kimoja kina kazi unayoweza kuiona. Chukua fundi anayeuza viti. Kwa bei ya 40 anauza viti 120, anapata 4,800. Kwa bei ya 60 anauza 80, anapata 4,800 vile vile. Kwa bei ya 50 anauza 100, anapata 5,000. Ukichora bei na mapato unapata kilima, na swali la fundi ni: kilele kiko wapi? Kwa viti unaweza kujaribu bei tatu ukakaribia. Kwa kampuni yenye bidhaa elfu moja huwezi kujaribu kila bei. Kalkulasi ni njia ya kukipata kilele bila kuupanda mlima wote, na hicho ndicho unachofundishwa kwenye sehemu kubwa ya kozi ile.

Au chukua riba. Fedha 1,000 zikikua kwa asilimia 10 kila mwaka, baada ya miaka mitatu ni 1,331. Sehemu kubwa ya kozi ya fedha imesimama juu ya swali la kinyume: mtu akikuahidi 1,331 baada ya miaka mitatu, ahadi hiyo ina thamani gani leo? Ukiweza kujibu "ni 1,000, kama riba ni hiyo hiyo", umeshaanza kuelewa jinsi mikopo, hisa na pensheni zinavyopigiwa hesabu. Hujaona kitu cha kutisha hapo, naamini.

Hofu yako siidharau. Mtu aliyeteswa na somo kwa miaka minne haponi kwa kuambiwa "usiogope". Ila angalia kinachotokea ukiliahirisha. Ulichonacho sasa cha hisabati, hata kama ni kidogo, bado kina joto. Ukikiweka mwaka mzima bila kukigusa, kinapoa, na utaanza kozi ile ukiwa dhaifu kuliko leo huku umezungukwa na wenzako waliokwisha kuipita. Kusogeza hakukuongezei nguvu. Kinachoongeza nguvu ni kuanzia mahali sahihi.

Mahali sahihi utapajua kwa mtihani wa kupima kiwango, ambao vyuo vingi huutoa kabla ya usajili, mara nyingi mtandaoni. Ufanye peke yako, bila kusaidiwa na mtu wala programu ya simu. Nakuomba sana katika hili. Kila mwaka nakutana na mwanafunzi aliyesaidiwa akapangiwa kozi iliyo juu ya uwezo wake, na wiki ya nne anazama kwenye kozi ambayo mtihani wenyewe ulikuwa umewekwa kumwokoa nayo. Ukipangiwa kozi ya maandalizi, ichukue muhula huu huu bila aibu. Ni ngazi ya chini kabisa, lakini ni ngazi. Ukipangiwa hisabati ya biashara yenyewe, isajili, kisha tafuta darasa dogo au mwalimu anayetoa mazoezi kila wiki badala ya mtihani mmoja mkubwa wa mwisho. Saa za mwalimu ofisini zipo kwenye karatasi ya kozi, na vijana wachache sana wanazitumia. Nenda wiki ya pili, kabla hujakwama, ukiwa na zoezi moja tu mkononi. Mwalimu akishakujua uso, kurudi wiki ya saba ukiwa umekwama kweli kweli si mzigo tena.

Kuna hali moja ambayo ningekubali uisogeze: kama mtihani wa kupima umekuweka chini sana na wakati huo huo unafanya kazi saa nyingi kwa wiki ili ujilipie ada. Hapo anza na kozi za kusoma na kuandika, na hisabati ichukue muhula wa pili. Muhula wa pili, siyo mwaka wa pili.

Uchumi wa mwaka wa kwanza utaujifunza haraka kama unapenda kuuliza kwa nini watu hufanya wanavyofanya. Anza na uchumi mdogo, ule wa mnunuzi, muuzaji na bei, kabla ya ule mpana wa nchi, mfumuko wa bei na ajira. Sehemu nyingi unaweza kuanza na wowote, lakini naona ule mdogo unaingiliana vizuri na hisabati unayosoma, mambo ya kilele cha mapato yanarudi humo kwa jina jingine. Kozi ya utangulizi wa biashara, inayopita juu juu kwenye masoko, fedha, watu na uzalishaji, inafaa kwa mtu ambaye hajaamua, ingawa yenyewe hufungua milango michache. Ichukue kama ni ya lazima au kama umebakiwa na nafasi. Usiiruhusu isukume nje kozi iliyo chini ya ngazi.

Saikolojia ichukue. Daniel Kahneman alikuwa mwanasaikolojia, na mwaka 2002 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi yake juu ya namna watu wanavyoamua mambo wakiwa hawana uhakika. Masoko yote yamejaa saikolojia, na rasilimali watu vile vile. Tena shahada nyingi zinadai kozi kadhaa za nje ya biashara, kwa hiyo uwezekano ni mkubwa kwamba utakuwa unatimiza sharti ambalo ungelitimiza tu baadaye. Sababu yangu kubwa lakini ni nyingine: utahitaji kozi moja ambayo unaingia darasani kwa hamu. Muhula wenye kozi tano za kujilazimisha unamchosha hata aliye hodari. Moja inatosha, mbili za aina hiyo muhula wa kwanza ningesita.

Kwa hiyo, kama ungekuwa umekaa mbele yangu, ningeandika hivi: hisabati kwa kiwango ulichopangiwa, uhasibu wa fedha, mawasiliano ya biashara au uandishi wa kitaaluma, na saikolojia. Nafasi ya tano ningeiacha wazi mpaka nione matokeo ya kipimo cha hisabati. Kama umefanya vizuri, weka uchumi mdogo. Kama umepangiwa kozi ya maandalizi, weka utangulizi wa biashara na uchumi uingie muhula wa pili, kwa sababu hisabati, uhasibu na uchumi vyote vitatu kwa pamoja ni mzigo wa namba kwa mtu ambaye bado anajenga msingi. Kozi ya uandishi wanafunzi wanaidharau, nami nimeiweka makusudi. Ripoti zote za miaka inayofuata zitaandikwa kwa ufundi utakaoupata humo, na waajiri watakusoma kabla hawajakuona. Kama chuo chako kimeshakupangia kozi tatu au nne za lazima, usihangaike nazo. Hesabu hii yote itumie kwenye nafasi iliyobaki.

Kabla hujabonyeza kitufe, piga hesabu ya saa. Kipimo cha Marekani ni kwamba uniti moja ni saa moja darasani na angalau saa mbili za kujisomea kila wiki, kwa hiyo uniti 15 ni saa 45 kwa wiki. Ulaya wanahesabu uniti 60 kwa mwaka, kila moja ikiwa saa 25 mpaka 30 za kazi. Muhula wa uniti 30 ni saa 750 mpaka 900. Ukizigawa kwa wiki 20 pamoja na mitihani unapata kati ya saa 37 na 45. Njia mbili tofauti, jibu karibu lile lile: chuo cha muda wote ni kazi ya muda wote. Kama kuna saa 25 za ajira juu yake, kozi tano ni nyingi, na kozi nne zilizofaulu zina faida kuliko tano zenye moja iliyoanguka.

Kisha fungua karatasi ya kila kozi na utazame alama zinavyogawanywa. Mbili zenye mtihani wa mwisho wa asilimia 70 ziangalie tarehe zake. Kozi tatu zenye kazi za vikundi kwa pamoja zitakula jioni zako zote. Na kuhusu darasa la alfajiri, jiulize uliamka saa ngapi mwaka uliopita bila mzazi kukuita.

Ukishasajili bado hujafungwa. Vyuo vingi vina kipindi cha wiki moja au mbili mwanzoni mwa muhula cha kuongeza na kufuta kozi. Kozi uliyoifuta ndani ya kipindi hicho haionekani popote. Ukijiondoa baada ya hapo, mara nyingi alama ya kujiondoa inabaki kwenye hati yako ya matokeo na ada hairudi. Andika tarehe hiyo ya mwisho ukutani. Ndani ya wiki hizo hudhuria kila kipindi, fanya zoezi la kwanza la kila kozi, na amua kwa ulichokiona, siyo kwa uvumi wa bwenini kuhusu mwalimu fulani.

Mambo mengine siwezi kuyaamua kwa barua. Kama una ufadhili au mkopo wenye masharti, kama unasoma nchi ya kigeni kwa viza inayodai idadi fulani ya uniti (Marekani, mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye viza ya masomo ya F-1 kwa kawaida hutakiwa kubeba angalau 12 kila muhula), au kama una tatizo la kusoma, kuona au kusikia linalokustahilisha muda wa ziada wa mtihani, nenda kaonane na mshauri wa masomo ana kwa ana kabla ya kusajili. Na kama hofu ya hisabati ni ile ya kutoka jasho na kuishiwa pumzi ukiona karatasi ya maswali, usiishie kwa mshauri wa masomo. Kitengo cha ushauri nasaha kipo kwa ajili hiyo, na wanaosaidiwa mapema hupata nafuu.

Nenda na vitu vitatu: mpango wa shahada uliochapishwa, matokeo ya kipimo cha hisabati, na karatasi ya kozi zako tano za kwanza na mbili za akiba ikiwa darasa limejaa. Muulize swali moja: kozi hizi zitaniruhusu kusajili zipi muhula wa pili na muhula wa tatu, na zipi kati ya hizo zinafundishwa mara moja tu kwa mwaka? Akikujibu kwa majina ya kozi na mihula, andika pale pale mbele yake na umwombe azikague. Akikuambia tu "usijali, utazoea", mshukuru, kisha omba kuonana na mwingine siku inayofuata. Nenda ndani ya siku nne hizi za mwanzo. Siku tatu za mwisho foleni inafika nje ya mlango, na mshauri aliyeona watu sitini hana tena muda wa kukuchorea ngazi.